Bengta wa Pembe Nne

Tulieni, watu wa Pembe Nne, nanyi wageni mlioandamana nao mkae karibu, kwa maana leo nawataja waliotangulia, na wanaotajwa hawapendi kelele. Zamani, kabla nyika hii haijajua uzio wala reli, kabla hatujaitwa Wamarekani na bahari nzima ikiwa bado ipo kati yetu na jina hilo, katika nchi ya Uswidi, upande wa Smoland ambako Mungu alimwaga mawe akasahau kurudi kuyaokota, alizaliwa Bengta binti Tufve, Tufve mwana wa Karl, Karl mwana wa Jons aliyekufa akiwa wima, kwa kuwa msimamizi alimkuta amelala mgonjwa akamwamuru asimame, naye akasimama, akamtemea mate, ndipo akakata roho. Huyo ndiye Bengta Mng'oa Mawe, Bengta Bega la Nyumba, Bengta Ulimi Usiokunjwa. Wapo wanaohesabu nasaba zao hadi kwa wafalme. Sisi twahesabu hadi kwa kijakazi, na hatuoni haya.

Tufve hakuwa na ardhi. Kibanda chake kilikuwa pembezoni mwa shamba kubwa la bwana wa Stenarp, na kodi ya kibanda hicho aliilipa kwa jasho, akilima mashamba ya bwana siku za jua na kulima kijishamba chake mwenyewe siku za mvua. Na bwana alipopita na gari lake la farasi, Tufve alivua kofia, hata kama theluji ilikuwa ikimwangukia kichwani, na watoto wake wakainama hadi magurudumu yapotee. Bengta aliinama kama wenzake. Lakini kila alipoinama aliokota jiwe, ili apate kujiambia kwamba ameinamia jiwe.

Ndivyo alivyopata nguvu zile. Alipokuwa msichana aliinua gari la nyasi lililomwangukia ndugu yake Gumme, akalishikilia mpaka kijana akajikokota akatoka, kisha akaenda kunywa maziwa yake.

Ikaja miaka ya njaa. Kiangazi kimoja baridi iliua nafaka ya rai shambani, kilichofuata jua likaua kilichosalia, na watu wakasaga magome ya misonobari wakachanganya na unga, wakala mkate uliokwaruza koo. Wakati huo habari zikaenea kwamba ng'ambo ya bahari iko nchi ambayo sheria yake inampa kipande cha ardhi mtu yeyote, mwanamume au mwanamke asiye na mume, atakayelala juu yake na kuilima. Bengta akaenda mbele ya bwana wa Stenarp, aliyekuwa mezani na wageni wake, akaomba yeye na Gumme waachiwe kabla ya mkataba wao wa utumishi kwisha.

Bwana akacheka. Akanyoosha uma wake dirishani, kuelekea jiwe kubwa lililosimama katikati ya shamba lake, jiwe waliloliita Fahali, ambalo plau zote zilikuwa zikilizunguka tangu enzi za mababu.

"Siku Fahali atakapotoka shambani mwangu, binti," alisema, "na wewe utatoka."

"Bwana amesema mbele ya mashahidi," Bengta alijibu, akatoka bila kuinama.

Majira yote ya baridi, kazi ya bwana ikiisha, alilichimba jiwe lile kwa chini, akajaza shimo kwa kuni, akaziwasha moto mpaka jiwe likawa jekundu kama kaa, kisha yeye na Gumme wakalimwagia maji ya barafu waliyoyateka mtoni. Fahali alinguruma. Mbwa wa Stenarp walijificha chini ya ghala. Jiwe lilipasuka, wakalivuta vipande vipande hadi mpakani, na kipande cha mwisho, kilichokuwa moyo wa jiwe, Bengta alikibeba mgongoni mwenyewe, akakipandisha ngazi za nyumba kubwa, akakilaza mbele ya mlango.

"Fahali ametoka, Bwana. Nami natoka."

Inasemekana bwana alikuwa akitokea mlango wa jikoni hadi walipoletwa maksai wa kukiondoa kipande kile. Tufve, baba yake, alikuwa amesimama uani siku hiyo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake gari la bwana lilipita naye akasahau kofia yake kichwani. Hakusafiri nao. Alisema mifupa yake imekwisha kuzoea mawe.

Wakavuka bahari, Bengta na Gumme, na pamoja nao fundi viatu Petter Rask, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, na mjane Ingrilena na watoto wake. Sitasimulia meli, kwa maana kila ukoo hapa una meli yake na kila meli ina waliozikwa majini. Nasema tu kwamba walifika, wakapanda treni, wakapanda gari la maksai, kisha wakatembea, mpaka wakafika mahali ambapo nyasi zilimfikia Bengta kifuani na hapakuwa na jiwe hata moja. Akapiga magoti akapapasa udongo, akacheka mpaka akalia.

Tusijifanye hatujui: nchi hii ilikuwa na wenyewe. Wadakota walikuwa wamefukuzwa kwa bunduki za serikali muda mfupi kabla yetu, na kwenye kipande cha Gumme palikuwa na kilima kidogo ambamo walikuwa wamezika wafu wao. Gumme alitaka kukilima. Bengta akasimama mbele ya maksai. "Sikuvuka bahari ili niwe bwana wa Stenarp," alisema. Kilima kile hakijaguswa na plau hadi leo, na hilo halitufanyi kuwa wema, linatukumbusha tu.

Basi vipande vyao vilikuwa vinne, vimegusana pembe kwa pembe, na mahali vilipogusana ndipo ilipotoka chemchemi, maji matamu yasiyoganda. Lakini baridi ilikuwa karibu, miti ya kutosha kujengea haikuwapo, na nyumba ilibidi ijengwe kwa mabonge ya udongo yaliyoshikana na mizizi ya nyasi. Na nguvu zao zilitosha nyumba moja tu. Nayo sheria ilisema kila mwenye kipande alale ndani ya nyumba, juu ya kipande chake mwenyewe; asiyefanya hivyo, amepoteza ardhi.

Rask akasema, "Dada Bengta, tumekwisha. Mmoja wetu atakuwa na shamba, na sisi wengine tutakuwa wageni wake."

Bengta akachukua fimbo, akaichomeka kando ya chemchemi, pale pale ambapo vipande vinne vilikutana. "Hapa," alisema. "Nguzo ya kati iwe hapa."

Wakajenga nyumba moja juu ya ardhi nne. Kila pembe ikawa na kitanda, kila upande ukawa na mlango na dirisha, na jiko la chuma likawekwa ubavuni mwa nguzo. Na watoto wa Ingrilena walipokosana walifukuzana kutoka shamba la huyu hadi shamba la yule bila kutoka nje. Ndiyo maana tunaitwa tunavyoitwa.

Lakini kampuni ya reli ilikuwa inakuja na njia yake, na garimoshi hunywa maji kuliko kundi la ng'ombe. Wakala wake, Bwana Pruit, aliiona chemchemi akaitamani. Akawaambia kwamba nyumba moja haiwezi kuwa nyumba nne, kwamba watatu kati yao wanalala kwa jirani na sheria imekwisha kuwatupa nje. Bengta akamjibu kwa Kiingereza chake kidogo, "Lete mpimaji." Pruit akapeleka shauri kwenye ofisi ya ardhi, na mkaguzi wa serikali akatuma habari kwamba atakuja kutazama kwa macho yake.

Pruit hakutaka macho hayo yaone nyumba. Kabla ya mkaguzi kufika, mchana, theluji ikianguka, alikuja na vibarua na farasi wa kukokota na minyororo. Ndani ya nyumba watoto wa Ingrilena walikuwa wamelala na homa ya koo. Gumme na Rask walikuwa mbali, wakitafuta kuni mtoni. Vibarua wakavunja mlango, wakafunga mnyororo kwenye nguzo ya kati, kwa maana nguzo ile ikianguka, paa lote la udongo lingewafukia waliokuwa chini yake.

"Toeni watoto," Pruit alisema.

"Kwenye theluji hii?" Ingrilena alilia. "Watakufa!"

"Basi kufa kwao ni juu yenu."

Hapo Bengta akaikumbatia nguzo. Aliweka bega la kulia kwenye mti, akakaza miguu yake sakafuni, akamtazama Pruit, akasema neno ambalo kila mtoto wa hapa hulijua kabla hajajua kusali: "Vuta."

Farasi wakavuta. Nguzo ililia, udongo ukawadondokea watoto usoni, na bega la Bengta likavunjika kwa mlio uliosikika hadi nje, wala hakuiachia. Farasi wakavuta tena. Aliyekuwa mbele akateleza akapiga magoti kwenye theluji, na mmoja wa vibarua, Mwairishi mwenye ndevu nyekundu ambaye jina lake hatukulijua kamwe, na ambaye hata leo twamwekea kikombe cha kahawa kila sikukuu ya kiangazi, akachomoa kisu, akakata kamba za ngozi zilizowafunga farasi kwenye mnyororo.

"Nililetwa kuvuta nyumba," alimwambia Pruit. "Sikuletwa kumpasua mwanamke."

Vibarua wengine wakakunja minyororo yao wasimtazame bwana wao usoni. Pruit akaondoka nao, kwa kuwa hakuwa na mikono yake mwenyewe ya kuvutia.

Mkaguzi alipofika alimkuta Bengta ameketi kando ya jiko, mkono umefungwa kwa shuka, uso mweupe kama chokaa. Hakuuliza habari za mlango uliovunjika wala hakumsikiliza Pruit aliyekuwa akisema nyuma yake. Aliuliza tu, "Nyumba hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema Gumme. "Yangu," alisema Ingrilena. "Yangu," alisema Rask, na kwa mara moja maishani mwake hakuongeza neno.

"Sheria yenu inasema mtu alale juu ya ardhi yake," Bengta alisema. "Haikusema ukuta uwe wa nani. Pima."

Mkaguzi akavuta mnyororo wake wa kupimia, akaupitisha mlango huu hadi mlango ule, akainama chini ya kila kitanda. Na kila kitanda kilikuwa juu ya ardhi ya mwenyewe. Akasimama, akajipangusa magoti, akamwambia Pruit kwamba kampuni itafute maji kwingine. Ndivyo reli ilivyopinda, kama mnavyoiona imepinda hadi leo, na wasafiri huuliza kwa nini.

Bengta hakuolewa. Mkono wake wa kulia haukupanda tena juu ya kidevu, lakini kwa ule wa kushoto alilima, akazalisha wanawake, akaweka jiwe la msingi la kanisa. Watu wakaja kutoka Smoland, kibanda kwa kibanda, na Pembe Nne ikawa mji.

Kisha ukaja mwaka wa vita kuu, na wakubwa wa jimbo wakaingiwa na hofu ya kila lugha wasiyoijua. Wakatoa amri: kanisani, shuleni, barabarani, hata kwenye simu, kiwe Kiingereza peke yake. Watu wetu wakanyamaza. Walizungumza majumbani kwa kunong'ona, kama wezi.

Katika ukimya huo Gumme akafa. Kaburini mchungaji alifungua midomo kusoma kwa Kiingereza, na Bengta, mzee sasa, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kitabu.

"Ndugu yangu hakujua Kiingereza," alisema kwa Kiswidi, kwa sauti iliyofika barabarani. "Nani atamwambia kwamba amekufa?"

Akamuaga Gumme kwa lugha ya mama yao, neno kwa neno, hadi amina. Sherifu, mlinzi wa sheria wa wilaya, alikuwa amesimama langoni. Alikuwa Alfred, mjukuu wa Ingrilena, na Bengta ndiye aliyemtoa tumboni mwa mama yake.

"Shangazi," alisema kwa Kiingereza, macho chini, "nimeamriwa."

"Basi fanya ulichoamriwa, mwanangu, ili nami nifanye changu."

Akampeleka kwa hakimu. Hakimu akamsomea mashtaka, akamuuliza kama amekosa au hakukosa. Bengta akaketi wima. Kwa Kiswidi akasema hakuelewa. Asomewe kwa lugha anayoielewa, kama ilivyo haki ya kila mshitakiwa. Hakimu akamtazama Alfred amtafsirie. Alfred hakufungua kinywa, kwa kuwa kutafsiri kulikuwa kuvunja amri. Hakimu akapiga meza. Bengta akangoja. Hakimu alijua, na ukumbi mzima ulijua, kwamba mwanamke yule alikuwa ameuza siagi kwa Kiingereza kwa miaka mingi. Lakini hakuna mwanadamu awezaye kulazimishwa kuelewa. Ama mahakama izungumze Kiswidi, ama shauri lisianze.

Halikuanza. Walimpeleka kizuizini, kisha wakamwambia aende nyumbani, lango li wazi. Akakataa. "Nitatoka nikiisha kuhukumiwa," alisema, "au mkiisha kuifuta amri." Watu wakaja kumwona, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa magari, wakasimama chini ya dirisha lake wakazungumza naye Kiswidi cha sauti kubwa, juu ya ng'ombe, juu ya mahindi, juu ya nani amezaa, na sherifu hakumkamata hata mmoja, kwa kuwa jela ilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi. Hapo ndipo Pembe Nne ilipopata tena kinywa chake.

Theluji ya kwanza ilipoanguka Bengta akafa mle kizuizini, ameketi, mgongo umeegemea ukuta, bila kukiri wala kukana wala kuhukumiwa.

Walipomleta kaburini amri ilikuwa bado ina nguvu, na mchungaji aliogopa. Watu wakasimama kuzunguka shimo, kila mmoja akingoja mwenzake. Ndipo Alfred akatoka katikati yao, beji ya sherifu ikiwa kifuani, akavua kofia, akamuaga Bengta kwa Kiswidi tangu neno la kwanza hadi amina, bila kupunguza sauti. Kisha akageuka, akawatazama watu wote.

"Yupo anayetaka kunikamata?"

Tangu siku ile, watu wa Pembe Nne, mwenye cheo ndiye hutangulia kusema kaburini, awe diwani, awe hakimu, awe mkubwa wa jimbo aliyezaliwa hapa. Naye husema kwa lugha ya Bengta, hata kama hajui neno lingine la lugha hiyo. Asiyethubutu, twawazika wafu wetu bila yeye, na mwaka ukigeuka cheo hicho hana tena.