Mara Mbili ya Jana

Mzee Lugendo, tajiri wa mashamba, alijifunza hesabu za kuzidisha uzeeni, akawa anajizoeza kwa vibarua wake. Nyamizi alipokuja na njaa yake kuomba kazi, mzee alimwambia mbele ya wote, "Utakula ushibe mpaka mavuno. Ila kila siku utalima matuta mara mbili ya uliyolima jana yake."

"Kuanzia siku ya kwanza, mzee?"

"Ya kwanza hiyohiyo! Nikisema nimesema."

Kesho yake Nyamizi akala, akajilaza kivulini. Jioni Lugendo akafoka, "Mbona hujalima?"

"Jana sikulima hata tuta moja, mzee. Sifuri mara mbili ni ngapi?"

Lugendo akahesabu vidole, akarudia. Vibarua wakamkodolea macho.

"Sifuri," akanong'ona.

"Umepata," alisema Nyamizi, akasogeza sahani aongezewe wali. "Kesho tutazidisha tena."