Beberu wa Mshenga na Maji ya Ndimu

"Achia kamba!"

"Achia wewe kwanza!"

"Beberu wangu huyu! Nani kamhangaikia mzee kuliko mimi?"

Hapo zamani, wala si zamani ya fisi na sungura, zamani hii hii yetu ya chupa za plastiki, watu watatu walishika kamba moja katika ua wa Mzee Shembilu, pale Korogwe. Mwisho wa kamba alisimama beberu mwekundu, mnene, anatafuna pindo la khanga ya mmoja wao bila habari.

Tulieni niwaeleze. Nami naeleza kama yalivyokuwa, siongezi chumvi. Wala sukari.

Mzee Shembilu alikuwa mshenga. Mtu akitaka kuoa, hutumwa yeye. Nusu ya ndoa za mji ule zilipita ulimini mwake. Sasa, mnajua desturi: mshenga hapewi maji matupu. Ukimpa maji matupu umemwambia rudi ulikotoka, binti hatumtoi. Anapewa soda, na chupa inafunguliwa mbele ya macho yake, aisikie ikilia tss! Naye hana ruhusa ya kuibakisha. Akibakisha, ameidharau nyumba.

Basi akawa anakunywa. Nyumba hii tss, nyumba ile tss. Mwishowe akapata sukari, na kidole cha mguu kikafanya kidonda kisichofunga. Mganga wa zahanati akampa dawa, akamwambia: "Mzee, meza hizi, na vitamu uache. Usipoacha, kidole kitaondoka, na mguu utakifuata."

Mzee akameza dawa. Soda hakuacha. "Niache vipi? Niharibu posa za watu?"

Mkewe, Bi Mwantumu, akalia, akanuna, akafunga safari. Alizunguka nyumba zote zenye mabinti, akawaambia akina mama: "Mume wangu ana sukari. Mnamnywesha kifo."

Habari zikamfikia mzee. Lo! "Mwantumu! Umenivua nguo sokoni! Nani atamtuma mshenga mgonjwa?" Mwezi mzima hakula chakula cha mkewe. Alikula kwa dada yake.

Lakini akina mama walikwishasikia, na sasa walikwama. Soda itamdhuru, maji yatamfukuza. Wafanyeje? Wakaenda kwa Sefu, mwenye duka.

Sefu alikuwa na katoni za maji yenye gesi na harufu ya ndimu, alizozileta mwenyewe kutoka Tanga. Hayakununuliwa. Watoto walimzomea: "Sefu anauza hewa!" Mtu akionja alisema, "Sukari yake iko wapi?" na kurudisha chupa. Sefu alipowasikia akina mama akapiga paji la uso. "Chukueni haya! Yanalia tss kama soda, na utamu hayana!"

Yakaletwa. Chupa ikafunguliwa mbele ya mzee: tss! Akanywa. Akakunja uso, kisha akaukunjua. Nyumba haikudharauliwa, wala mguu haukudhuriwa. Nyumba hii tss ya ndimu, nyumba ile tss ya ndimu, na dawa anameza. Kidonda kikaanza kukauka pembeni.

Ndipo akatumwa kumposa Mashavu.

Mashavu alikuwa binti aliyempenda mchumba wake mpaka hamu ya kula ikamtoka. Na desturi ya posa mnaijua: binti hatoki. Mshenga akiwa barazani, binti yuko ndani, hata kikohozi anakimeza. Akijitokeza, ameipapatikia ndoa, na wajomba wanaweza kuivunja papo hapo.

Siku hiyo maji ya ndimu yalikuwa yamekwisha dukani. Sefu akaleta katoni nyingine, yenye picha ya embe. "Ni yale yale," akasema. "Kampuni moja, gesi moja. Hizi zitatosha nyumba zote mpaka mwezi uishe." Hakugeuza chupa. Ndiyo, hakugeuza!

Mashavu, huko jikoni, aligeuza. Alizoea kusoma kila kitu, hata gazeti lililofungia maandazi. Akaweka chupa kuukuu ya ndimu kando ya chupa ya embe, akasoma mgongo wa hii na mgongo wa ile. Ya ndimu: nishati kilokalori mbili, sukari sifuri, mafuta sifuri, protini sifuri. Ya embe: sukari gramu tisa katika kila mililita mia. Na chupa ni nusu lita! Akapiga hesabu kwa vidole: zaidi ya vijiko kumi vya chai.

Barazani ikasikika: tss!

Mashavu akatazama mlango. Akikaa, mzee atakunywa, leo hapa na kesho kwa jirani. Akitoka, posa yake mwenyewe imekwenda na maji.

Akatoka. Kichwa wazi, mikono na unga, akampokonya mshenga glasi mdomoni!

"Ina sukari, babu! Usinywe!"

Mjomba mkubwa akasimama. "Binti gani huyu? Posa imekufa!"

Mzee Shembilu akaitazama glasi, akautazama mguu wake. "Kaa chini, bwana. Mimi ndiye mshenga, nami nasema haijafa. Huyu hakuja kujionyesha. Kaja kunitazama mimi."

Mashavu akaolewa. Kidonda kikafunga. Mzee akarudi kwenye chungu cha mkewe, akala mpaka akaukomba ukoko. Siku hiyo alilia kwa furaha, akaapa mbele ya watu: "Beberu wangu mwekundu, mzima, ni wa mtu mmoja: aliyeniachia mguu wangu!" Mganga hakudai, alisema yeye ana mshahara. Hawa watatu wakadai.

Bi Mwantumu akasema: "Nisingefunua siri, nani angemhurumia? Nimekula peke yangu mwezi mzima kwa ajili ya mguu huo!"

Sefu akasema: "Mdomo wako ungemletea nini, shemeji, maji ya bomba? Nilichekwa mimi. Niliyaleta mimi. Embe nilikosea, nakiri. Lakini ndimu alikunywa ya nani?"

Mashavu akasema: "Bi Mwantumu aliweka hatarini jina la mumewe, Sefu katoni zake. Mimi niliweka ndoa yangu. Na nawaambia kweli, ndani ya maji yale hamna dawa. Hamna kitu. Uzuri wake ni kile kisichokuwamo, na nani alikwenda kutazama kama kweli hakimo?"

Mzee akawatazama mmoja mmoja. "Wote nawashukuru. Mungu awape. Lakini nilisema mtu mmoja, na ulimi wangu ndio kazi yangu."

Beberu bado yuko uani, na khanga ya Bi Mwantumu imebaki nusu. Haya, ninyi mliokaa hapa mnakunywa vyenu: je, nani alistahili? Msiniambie wagawane. Kiapo ni deni. Tajeni jina, mbuzi wa watu atoke.