Kibao cha Shaba

Haya, wakubwa kwa wadogo, sogeeni. Asiyependa harufu ya ngozi mbichi akae upande unaotoka upepo, maana hadithi hii inanuka. Mimi nitaibeba mpaka katikati tu. Pale nitakapoitua mtaichukua ninyi, na sitaki kumwona mtu anaaga kabla hajanipa jibu.

Walikuwapo watu watatu huko Mpwapwa, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza aliitwa Sechelela, mama wa makamo, fundi wa kutengeneza ngozi. Umpe ngozi iliyokauka kama bati, atailoweka kwenye maji ya magome ya mgunga, ataikwangua, ataiwamba kwa vigingi, kisha ataikanda kwa mikono na miguu. Siku atakayokukabidhi unaweza kumfunikia mtoto mchanga asilie. Naye alikuwa na desturi aliyoirithi kwa mama yake: ngozi ikikaribia kuiva, aliing'ata ukingoni, upande wa shingo. Meno yakiteleza, inarudi pipani. Yakizama, imeiva. Alama ile ya meno aliiacha pale pale, na mnadani watu walikuwa wakigeuza ngozi, wakiyaona meno wanasema, "Hii ya Sechelela," hawaulizi tena.

Wa pili aliitwa Chiduo. Huyu alichora juu ya ngozi, bila rangi, kwa kisu chembamba na vyuma vilivyopashwa moto. Akichora mbuzi, mbuzi wa jirani wanakuja kumwamkia. Akimaliza kazi, upande wa mkia alichoma alama ndogo ya jembe, basi, hiyo ni ya Chiduo.

Wa tatu alikuwa Yunisi, binti aliyekuwa karani wa shule. Kukwangua hajui, kuchora hajui, na akishika kisu watu wanasogeza vidole. Kipawa chake kilikuwa maneno. Aliweza kumwandikia barua mtu asiyemjua, aliye mbali, na mtu yule akainuka kitini kwenda kumtafutia anachotaka.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo hasira inapoanzia.

Yunisi aliandika barua kwa jumba moja la sanaa huko Ubelgiji. Akaandika tena, akaandika tena, mwaka mzima, hata wakachoka kumkatalia. Wakajibu: tunatoa ukumbi mmoja wa maonyesho kwa msanii mmoja. Naye akawaandikia jina la Chiduo. Sechelela aliposikia, alimwuliza, "Na mimi?" Yunisi akasema, "Mama, wametaka jina la msanii." Sechelela akarudi kwenye mapipa yake. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, likawa halimezeki wala halitapiki.

Kazi kubwa ya maonyesho yale ilikuwa iwe ngozi ya Mabaka, fahali mzee aliyekufa kwa kiangazi. Ngozi moja nzima, haijaungwa mahali.

Sechelela alikaa nayo wiki tisa. Shingo ya Mabaka ilikuwa nene kama soli, na kila alipodhani imeiva, meno yaliteleza. Wenzake wakamwambia aikate shingo aitupe, akakataa. Mara ya nne aliing'ata kwa hasira zote alizokuwa nazo, meno yakazama, na jino lake la mbele likakatika palepale. Akalitema kiganjani, akalitazama, akalifukia chini ya pipa. "Ngozi hii nimeitolea mfupa," akasema. Ila alikuwa amechelewa, na ngozi ilikuwa bado haijakandwa.

Yunisi naye alikuwa anaungua. Fundi wa fremu kule Ubelgiji alitaka vipimo siku hiyohiyo. Akampigia Chiduo mara saba. Chiduo akaja mbio uani kwa Sechelela na utepe wake, akaipima ngozi ikiwa imewambwa juani, akaondoka bila hata kunywa maji. Kosa la ajabu kwa mtu wa ngozi! Hata mtoto wa Mpwapwa anajua kuwa ngozi ikikandwa hunyooka, huongezeka kiganja huku na kiganja huku. Chiduo alijua pia, haraka ikamsahaulisha. Na Sechelela alikuwa amesimama pale mlangoni, ameshika beseni, anamwona. Alifungua mdomo. Kisha akalikumbuka lile neno la msanii, akaufunga. Jambo hili hakumwambia mtu, na ninyi mlinyamazie kwanza.

Chiduo aliichora ngozi ile miezi mitatu. Alichora kiangazi chenyewe: foleni ya wanawake kwenye kisima cha mchangani, ng'ombe waliolala wasiamke, na upande wa shingo, akitazama juu, mama yake marehemu na kibuyu kitupu. Moshi wa ngozi ulimla jicho la kushoto. Daktari akamwambia, "Acha kazi hiyo mwezi mmoja, au jicho liage." Chiduo alirudi nyumbani akamalizia uso wa mama yake. Leo jicho lile linaona ukungu tu.

Wakaitwa wote watatu wakatoe alama za vidole kwa ajili ya viza. Sechelela akaweka kidole kwenye mashine, mashine ikakaa kimya. Maji ya magome yalikuwa yamevilainisha vidole vyake miaka thelathini, havina mstari hata mmoja. Chiduo akaweka chake, mashine ikakataa, vyuma vya moto vilikuwa vimemchoma vidole vyote. Yunisi akaweka kidole chake laini cha karani, taa ya kijani ikawaka. Ofisa akawaambia wale wawili warudi vidole vikipona. "Vipone nini?" Sechelela alifoka. "Haviumwi hivi, vimefanya kazi!" Ofisa akamwita anayefuata.

Basi Yunisi akaenda peke yake, na maonyesho yote yakawa juu ya mabega yake. Alipakua makasha, akatundika ngozi ishirini, akagombana na mafundi wa taa kwa lugha ya kuungaunga. Siku mbili kabla ya ufunguzi akapata habari kuwa shangazi yake aliyemlea amefariki, na anazikwa Ijumaa. Ufunguzi ulikuwa Ijumaa. Akiondoka, ukumbi unafungwa. Akabaki. Mnajua kwetu maana ya kukosa kumzika aliyekulea. Mpaka leo ndugu zake hawaitikii salamu yake.

Na asubuhi ya Ijumaa hiyo ngozi ya Mabaka ikagoma kuingia kwenye fremu. Imezidi viganja viwili. Wenyeji wakasema, ikifika mchana haijatundikwa, tunaiondoa. Yunisi akapiga simu Mpwapwa, mnara umezimika. Akate upande mmoja viganja vyote viwili? Upande wa shingo angemkata kichwa mama yake Chiduo, upande wa mkia angeikata foleni. Basi alichukua mkasi, akakata kiganja huku na kiganja huku. Upande wa shingo yaliondoka meno ya Sechelela. Upande wa mkia liliondoka jembe la Chiduo. Ngozi ikaingia kwenye fremu, haina jina la mtu.

Watu wakaja kuitazama wakakosa la kusema. Wengine walilia. Maonyesho yalipokwisha, jumba likaomba liiweke ukumbi mkubwa, ibaki hapo daima, chini yake kibao cha shaba chenye jina la mwenye kazi. Jina moja, kama vibao vingine vyote mle ndani. Yunisi aliomba majina matatu, wakakataa. Akaomba tena, wakamwambia: kama si Chiduo tu, kubalianeni jina moja, mlilete kabla ya saa kumi na moja ya Jumatatu kwa saa za kwenu, au ngozi inarudi.

Jumatatu hiyo, saa tisa, walikutana uani kwa Sechelela, kati ya mapipa. Hakuna aliyekaribishwa kiti.

"Umeyakata meno yangu, Yunisi," Sechelela alianza.

"Nimekata pande zote mbili, mama, ili nisimpendelee mtu."

"Haki gani hiyo, ya kuwanyang'anya wote?"

"Ungetaka nimkate nani? Niambie! Ulikuwa wapi, nikuulize?"

"Nilikuwa hapa, na vidole ambavyo mashine imevikataa!"

Chiduo akapiga pipa teke. "Kelele za nini? Waandike Chiduo. Wale watu walilia mbele ya uso wa mama yangu. Hawakulia mbele ya ngozi tupu."

"Na mama yako ungemchora juu ya nini?" Sechelela alimgeukia. "Juu ya maji? Toka nikujue, ngozi ya mtu mwingine ikikupasukia mkononi unakuja hapa kwangu kwa magoti."

"Jicho langu limekwenda na kazi ile, dada."

"Na jino langu je? Limeota tena?"

"Jino na jicho!" Yunisi alipaza sauti mpaka kuku wakaruka. "Bila mimi kazi yenu ingetazamwa na nani? Na panya wa stoo! Shangazi yangu kazikwa mimi niko juu ya ngazi napigilia misumari. Ninyi mmepoteza vipande vya miili, mimi nimepoteza ukoo. Na vipimo vile vya kijinga alivituma nani?"

"Nani alinikimbiza?" Chiduo alijibu. "Simu saba! Na nani alichelewesha ngozi mpaka nikaipima haijakandwa?"

Wote wawili wakamtazama Sechelela. Yeye akatazama ardhi, pale alipofukia jino.

Yunisi akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akakikunjua juu ya mfuniko wa pipa. Vilikuwa vile vipande viwili. Hakuvitupa, alikuwa amesafiri navyo. Kimoja kilikuwa na jembe, kingine na meno. Sechelela alikichukua cha meno, akakiweka mdomoni, ang'ate palepale alipong'ata. Meno hayakuingia kwenye alama. Pale kwenye alama palikuwa na jino, na kinywani palikuwa na pengo.

Chiduo akacheka kicheko kifupi, kibaya. "Hata ngozi imekukana."

Sechelela akanyakua kisu cha kukwangulia. Sisemi angefanya nini, na yeye mwenyewe hakujua. Yunisi akaingia katikati, machozi ya hasira yanamtoka, akamsukumia simu kifuani. "Andika wewe! Andika, tumechoka! Nikiandika mimi mtasema nimejipendelea. Akiandika Chiduo utasema kakudhulumu. Wewe ndiye mkubwa wetu. Tumemla ng'ombe mzima, mkia usitushinde. Jina utakaloandika sitalibisha, naapa kwa kaburi ambalo sikulitupia udongo."

Chiduo alijisogeza kando. Akafuta jicho lake bovu. "Andika," akasema. "Nami sitabisha."

Ilikuwa saa kumi na nusu. Sechelela akaketi juu ya rundo la magome, kisu chini, simu mkononi. Hasira yake haikuwa imepoa hata kidogo. Alimchukia Yunisi kwa neno moja na mkasi mmoja. Alimchukia Chiduo kwa kicheko kile. Akajiambia, haki yangu imekuja yenyewe mkononi mwangu, naandika Sechelela na wakasirike wanavyotaka.

Akaandika herufi ya kwanza. Ndipo akamwona tena Chiduo na utepe wake juani, na yeye mlangoni na beseni, mdomo umefunguka. Neno moja tu, "Haijakandwa," na mkasi usingegusa ngozi. Meno yangekuwapo, jembe lingekuwapo, na kila mtu angesoma mwenyewe nani alifanya nini. Hasira ikabaki vilevile, ila sasa hakujua amwelekezee nani. Akaifuta ile herufi. Akaiandika tena.

Saa inakimbia, wasikilizaji wangu. Kidole kile kisicho na mstari kiko juu ya kioo. Mmoja alitoa jino na wiki tisa, na akanyamaza siku ambayo ilimpasa kusema. Mmoja alitoa jicho na uso wa mama yake, na akapima kwa haraka. Mmoja alitoa mazishi ya aliyemlea, na akakata. Ukimwondoa mmoja wao, hapana ngozi ukutani.

Msiniambie majina matatu, yamekataliwa mara mbili. Msiniambie ngozi irudi, panya wanaisubiri. Na wewe mzee pale nyuma unayetikisa kichwa, usiniambie waandike Mabaka. Ng'ombe hakuomba kuandikwa.

Nataka jibu, na nataka sababu. Ungekuwa wewe umekaa juu ya magome yale, simu mkononi na siri kifuani, ungeandika jina la nani?