Nguchiro na Mawe Tisa ya Nyati

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gari.

— Likaenda?

Likazunguka.

— Likafika?

Likarudi palepale lilipotoka. Haya, kaeni. Na anayetafuna muwa auteme, hii si hadithi ya kutafunia. Mimi nikisema "Zunguka!" nyinyi mnajibu "Palepale!" Mkisinzia naondoka.

Hapo kale wanyama walikuwa na magari, na walikuwa na uwanja wa kushindania. Njia ya vumbi, ya mviringo, kona saba. Unaondoka mstarini, unazunguka mara ishirini, unarudi mstarini. Faida yake msiniulize mimi.

Bingwa alikuwa Nyati. Gari lake pana, mwenyewe mpana, na ukijaribu kumpita anakugonga ubavuni, kpaa! Unajikuta majanini. Mwamuzi alikuwa Mzee Kobe. Na nyuma ya Nyati, kila mbio, kila mwaka, miaka kumi na mmoja, alikuja Nguchiro, kijitu kidogo chenye mkia mrefu na akili nyingi. Wa pili. Kila siku wa pili.

Mnaijua kazi ya wa pili? Ni kula vumbi la wa kwanza. Nguchiro alikula vumbi la Nyati mpaka likamwingia machoni, likakaa. Jicho la kushoto likafanya ukungu, kisha na la kulia likaanza. Akamwambia Panya Buku, fundi wake:

"Dada, sasa naona vivuli tu. Huu ni mwaka wangu wa mwisho."

"Basi pumzika, kaka."

"Nipumzike vipi, na maisha yangu yote nimezunguka tu? Nataka jina langu lichongwe kwenye Kikombe cha bingwa. Mara moja tu. Mtu apite, asome, ajue nilikuwepo."

Hilo tu ndilo alilotaka. Jamani, ni kubwa hilo?

Mwaka huo Mzee Kobe alitoa sheria mpya, maana wanyama walichoka kumwona Nyati akishinda. Kutakuwa na mbio ndogo tisa, kisha mbio kubwa ya Kikombe. Anayeshinda mbio ndogo anapewa kikapu cha chakula, na garini mwake linatiwa jiwe moja, ili na wenzake waonje ushindi. Akitaka jiwe litolewe, arudishe kikapu.

Nguchiro aliposikia, akacheka peke yake.

Mbio ya kwanza. Vruuum! Zunguka!

— Palepale!

Kona ya mwisho Nyati akateleza. Njia ikawa nyeupe mbele ya Nguchiro. Nguchiro akakanyaga breki, kwiii! Nyati akapita. Kikapu cha mahindi kikatoka, na jiwe likaingia garini: tii!

"Una wazimu?" Panya Buku akafoka. "Ungempita!"

"Mwache ale."

Nguchiro akamwendea Nyati, ameinama kwa adabu. "Hongera, mkubwa wangu. Jiwe halikusumbui?"

"Jiwe? Mimi?"

"Nilijua. Mnyonge angerudisha kikapu."

"Nirudishe mahindi yangu?" Nyati akasema, mdomo umejaa. "Labda nife."

Mbio ya pili. Vruuum! Zunguka!

— Palepale!

Nguchiro kwiii! Nyati akapita. Kikapu cha viazi, na jiwe: tii!

Mbio ya tatu. Zunguka!

— Palepale!

Kwiii! Kikapu cha ndizi, na jiwe: tii! Ikawa hivyo hivyo ya nne, ya tano, ya sita. Wengine waliogopa kugongwa, wakabaki nyuma. Gari la Nyati likawa zito, likawa linakohoa kama mgonjwa, na Nguchiro akapata taabu ya kushindwa. Mpaka ajifanye amepotea njia.

Lakini vumbi nalo halikuwa na likizo. Kila mbio aliyomwachia Nyati, alikula vumbi lake. Baada ya ya saba hata vivuli vilianza kufutika.

"Kaka, acha," Panya Buku akalia. "Mpite leo, upate hata kikapu kimoja, twende nyumbani ungali unaona mlango."

"Zimebaki mbili, dada. Nikimpita leo, jiwe ni langu."

Ya nane, tii! Ya tisa, tii!

Siku ya Kikombe ikafika. Uwanja umefurika. Mzee Kobe akasema, "Nyati, una mawe tisa. Leta vikapu tisa tuyatoe."

Nyati akawaza. Ghala lake lilikuwa bado limejaa. Nguchiro akapaza sauti kutoka garini mwake: "Rudisha tu, mkubwa! Wamezoea kusema unaogopa mawe."

"Nani aogope? Sirudishi hata punje!"

Vruuum! Zunguka!

— Palepale!

Nguchiro haoni kitu. Anahesabu kona kwa tumbo lake, moja, mbili, tatu, mpaka saba, kisha anaanza upya. Miaka kumi na mmoja ndani ya vumbi, macho ya nini tena? Mzunguko wa ishirini, kona ya saba, akasikia mbele yake pwaaa! Tairi la Nyati limepasuka, gari limekaa chini na mawe yake. Nguchiro akakata upande, fyuu! Akavuka mstari.

Uwanja mzima ukainuka. "Nyati kashindwa! Nyati kashindwa!" Wakamkimbilia Nyati, wengine kumpa pole, wengine kumcheka. Kwa Nguchiro hakwenda mtu.

Mzee Kobe akamwita Panya Buku pembeni. Sauti ilikuwa ndogo.

"Binti yangu, mkono wangu mzito. Kuchonga jina hunichukua siku tatu. Nikaona nianze mapema."

Panya Buku akakitazama Kikombe. Kimeandikwa NYATI, kwa herufi kubwa na nzuri, hakuna hata nafasi ya kuongeza nukta.

"Futa, mzee!"

"Chuma hakifutiki. Mwakani, kwenye Kikombe kipya, nitamchonga yeye."

"Mwakani?" akasema Panya Buku. "Mwakani?"

Akakipeleka. Nguchiro bado ameketi garini, mikono usukani. Akakipokea, akalipapasa jina kwa kidole, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Wameandika nini, dada?"

"Jina lako, kaka."

"Mbona fupi?"

"Mkono wa mzee mzito. Kalifupisha."

Yeye aliyemdanganya Nyati mbio tisa, angedanganywa na Panya Buku anayelia? Alijua, wanangu. Nawaapia alijua. Akalipapasa tena, akasema, "Limechongwa vizuri," akampa mkono amwongoze, wakaondoka kwa miguu.

Funzo ni hili, na mlishike: mvumilivu hula mbivu, na anayeshinda jina lake halisahauliki kamwe.

Mnanicheka? Chekeni. Hadithi nimeitua hapa chini, nzito. Mwenye bega aibebe, mimi mgongo unaniuma.