Ng'ombe Aliyemngoja Mzee Sheweji

Hii usiipitie juu juu huku unakunywa chai. Isome mpaka mwisho, halafu mtumie yule jirani ambaye hujamjulia hali siku nyingi.

Kulikuwa na mtaa mmoja wa mjini, umekaa ukingoni mwa mto. Zamani ulikuwa mtaa wa Waislamu karibu watupu. Maulidi ikisomwa, njia ilifungwa kwa mikeka. Mwezi wa Ramadhani sahani za futari zilivuka kutoka nyumba hii kwenda ile mpaka mwenyewe hujui umekula cha nani.

Lakini mto ule haukuwa na adabu. Kila masika uliingia majumbani bila hodi, na watu wakachoka. Mmoja akauza akahamia mlimani, jirani yake akamfuata. Wazee wakafa, warithi wakauza wakagawana. Walionunua walikuwa watu wa bara, wengi wao Wakristo, watu wa shoka, wasioogopa kupanga mifuko ya mchanga na kuanza upya. Yakaja makanisa, moja la matofali, jingine la mabati, jingine turubai tu na spika zake.

Msikiti ulibaki palepale. Aliyebaki kusali humo ni Mzee Sheweji, fundi wa vitanda. Alikuwa anaadhini mwenyewe na kusali mwenyewe, safu ya kwanza yeye na ya mwisho yeye. Ijumaa alipanda mlimani kwa wenzake, kisha akarudi. Wanawe walimwita wakachoka. Alisema hahami.

Sasa basi, akafa Mzee Fulgensi, mume wa Bi Leokadia.

Fulgensi alikuwa Mnyamwezi na Mkatoliki. Sheweji ni Mzaramo. Kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao haukuwa wa mchezo. Walitukanana ujana wao wote na uzee wao wote, na kila siku walikula sinia moja.

Asubuhi ya mazishi ng'ombe alifungwa nyuma ya nyumba, na wapishi walishapanga mafiga. Desturi ya mtaa ule inajulikana. Mnyama wa shughuli, iwe harusi au msiba, huchinjwa na Muislamu, ili kila atakayefika ale bila shaka moyoni. Hata Wakristo walifanya hivyo, na kisu kilikuwa cha Mzee Sheweji miaka na miaka.

Lakini siku hiyo Mzee Sheweji hakuonekana.

Bi Leokadia alikuwa ndani, amekaa mkekani na wanawake wenzake. Dirisha lilikuwa wazi. Akasikia sauti ya Bwana Elinami, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mtu mchapakazi aliyehamia mtaani juzijuzi tu.

"Jamani, jua linapanda. Vijana, mlazeni huyo ng'ombe mchinje."

"Mzee Sheweji bado," mpishi mmoja akasema.

"Nimemtuma mtu kwake, amekuta kufuli mlangoni. Pengine naye amehama kama wenzake. Na hata angekuwepo, hebu tuulizane ukweli. Zamani Waislamu walikuwa wengi, sawa. Leo ni yeye tu. Mtaa mzima ungoje mtu mmoja? Akija tutamtafutia samaki, tumpikie pembeni."

Neno lile, pembeni, lilimchoma Bi Leokadia kuliko kufuli. Na kufuli nalo lilimuuma sana. Jana jioni Sheweji alikuwa hapohapo uani, kimya, hana utani hata mmoja. Kweli aondoke asimzike mwenzake? Hakuamini. Lakini hofu ni hofu, ikamshika. Kitu kimoja tu alikuwa anakitaka siku ile: rafiki wa mumewe ale chakula cha mwisho cha mumewe, kwenye sinia ya watu wote.

Akasimama.

"Mama, mfiwa hatoki nje!" wanawake wakamshika kanga.

"Niacheni."

Akatoka hivyohivyo, kichwa kimefungwa kitambaa cha msiba, miguu mitupu. Vijana walishamkamata ng'ombe miguu. Akaenda akasimama kati ya ng'ombe na kisu.

"Ng'ombe wa mume wangu hachinjwi mpaka Mzee Sheweji aje."

"Mama yangu, pole," Elinami akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Tunakuheshimu. Ila padri amesema saa nane tuwe kaburini, na watu wakirudi watakuta nyama haijaiva. Kwa ajili ya mtu mmoja, Mama?"

"Kwa ajili ya mtu mmoja."

"Mama..."

"Nyamaza mwanangu, nikwambie. Wewe umeukuta mtaa huu umejaa watu wa kwenu. Mimi niliolewa hapa ukiwa na Wakristo wawili. Mimi na Fulgensi."

Watu wakasogea.

"Tukapata mtoto wa kwanza, Zeno. Hata kukaa alikuwa hajajua vizuri, homa ikamchukua. Masika, daraja limekwenda na maji, padri amekwama vijijini mbali. Ndugu hatuna. Hapa watu wanazika kwa sanda, hakuna aliyewahi kutengeneza sanduku la maiti. Mume wangu akabaki amekaa kizingitini, hajui aanzie wapi. Sheweji alikuwa kijana, ana mbao za kitanda cha bwana harusi zimelipiwa tayari. Akazikata zile mbao. Akatengeneza sanduku dogo, akalipiga randa likawa laini kabisa. Kisha akatengeneza msalaba."

Hapo akajifuta macho kwa kanga. Wakamngoja.

"Hakuwahi kuutengeneza. Alikuwa ameuona kwa mbali tu, juu ya kanisa. Basi ule ubao wa kukingama akaupigilia chini, chini kabisa karibu na udongo. Akatuletea kwa mikono miwili. Fulgensi alipouona akacheka huku analia. Hakumwambia kitu. Tukauchukua vilevile."

"Wakavuka mto kwenda makaburi ya kanisa, sanduku mabegani," akaendelea, "wanaume wa mtaa huu, na kanzu zao, maji yamewafika kiunoni. Kaburi walichimba wao. Hakuna hata mmoja aliyejua sala zetu. Walisimama tu wameinamisha vichwa, mvua inawanyeshea, mpaka Fulgensi alipomaliza Baba Yetu. Hakuna aliyesema mtaa mzima unalowa kwa ajili ya watu wawili."

Kijana mmoja akaiachia miguu ya ng'ombe.

"Yale mafuriko makubwa yakaja yakausomba msalaba na kusawazisha kila kitu. Leo hata sijui mwanangu kalala wapi. Lakini waliomlaza nawajua, na aliyebaki kati yao ni yeye. Kama amehama, basi tutakula ugali na maharage. Nyama siitaki."

Elinami akavua kofia akabaki anaigeuzageuza mkononi.

Ndipo wakasikia vishindo uchochoroni. Wakaingia wachimba kaburi, na mbele yao Mzee Sheweji, suruali kaikunja magotini, kanzu kaitupia begani, udongo umemfika mpaka ndevuni.

"Loo! Mbona jiko halina moshi?" akafoka. "Mnataka waombolezaji wa huyu Mnyamwezi walale njaa, aje kunisumbua mimi ndotoni?"

Watu wakacheka, machozi yakiwalengalenga. Mtani amefika.

Bi Leokadia hakucheka. "Ulikuwa wapi, shemeji? Nimeambiwa umehama."

"Nihamie wapi mimi? Nilikuwa makaburini. Nimeswali alfajiri nikawafuata hawa vijana. Ni wageni, wangemchimbia popote penye nafasi. Ikabidi nikawaonyeshe."

"Ukawaonyeshe nini?"

Mzee akashusha sauti. Utani ukamtoka wote.

"Alipo Zeno, shemeji. Nimemchimbia baba yake ubavuni kwake."

Bi Leokadia akamkodolea macho.

"Msalaba ulikwenda na maji, kaburi halikwenda," Sheweji akasema. "Mimi na mumeo tulikuwa tunakwenda kulifyeka kila baada ya masika. Alinikataza nisikwambie. Alisema ukilijua utakwenda kulala hukohuko. Sasa mwenyewe amekwenda, nimeona katazo limeisha."

Bi Leokadia akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia. Hakuwa amelia hivyo tangu mumewe akate roho. Wanawake wakatoka ndani kumshika, nao wakalia, na hakuna tena aliyekumbuka kwamba mfiwa hatoki nje.

Elinami akachukua birika. Akamwendea mzee, akainama, akammiminia maji ya kunawa mikono na miguu mpaka udongo ukatoka.

"Tulikuwa tunakungoja, Mzee," akasema.

"Mmenisubiri mimi? Mngechinja tu, mwanangu. Nimekuja kumzika mwenzangu, sikufuata nyama."

"Hapana, Mzee. Mama amekataa, na sisi tumekataa."

Haya aliyasema mbele ya watu wote waliomsikia akisema vingine asubuhi ileile, na hakuna aliyemsuta.

Mzee Sheweji akamlaza ng'ombe kuelekea kibla, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akachinja. Saa nane wakamzika Fulgensi ubavuni mwa mwanawe, padri akasoma sala za maziko, na Sheweji akasimama kando ameinamisha kichwa. Waliporudi wakala, na Elinami akaenda kukaa kwenye sinia ya mzee.

Walipokuwa wanakula akamuuliza, kwa sauti ya chini, "Mzee, siku ukituondokea wewe, nani atatuchinjia?"

Mzee Sheweji akatafuna kwanza. Akatazama uani kulivyojaa watu, karibu wote wageni kwake.

"Mtachinja wenyewe, mwanangu," akasema. "Itakuwa rahisi, hamtamngoja mtu. Ila siku hiyo msifurahi."

Funzo: Usimhesabu jirani yako kwa uchache wa wenzake. Aliye kati ya wengi leo, kuna mahali aliwahi kuwa peke yake, au atakuja kuwa; na siku hiyo atamhitaji mtu wa kumngoja.