Mawe Yaliyobaki Kando ya Daraja

Mtu mmoja alikuwa na kamba. Haikuwa kamba ya kufungia ng'ombe wala ya kuanikia nguo. Ilikuwa kamba ya kupimia mto, na katika milima ile hapakuwa na nyingine. Mwenye kamba aliitwa Senkondo, mwashi wa madaraja, mwana wa Mbazi, naye mwashi wa madaraja. Ilikuwa ya katani, na kila ilipochakaa ilisokotwa upya, mafundo yake yakirudishwa palepale yalipokuwa.

Desturi ya ukoo ule ilikuwa hivi. Masika yakiisha na maji yakipungua, mwashi alishuka mtoni, akaikanyaga ncha ya kamba kwenye mwamba ulio chini ya kivuko, akaivuta juu mpaka kwenye alama ya tope iliyoachwa na maji ukingoni. Pale palipokuwa juu kuliko pote katika maisha yake, alifunga fundo. Fundo moja kwa mtu mmoja. Aliyejenga daraja alianzia fundo la mwisho, akapanda dhiraa moja, na hapo ndipo sakafu ya daraja ilipolazwa. Mawe yaliletwa kwa kipimo hicho, yasizidi wala yasipungue. Jiwe likibaki, walisema, fundi hakujua kupima. Siku Mbazi alipomaliza daraja lake la waenda kwa miguu, alikula chakula chake amesimama, kwa kuwa halikuwa limebaki hata jiwe la kukalia. Jambo hilo lilisimuliwa miaka arobaini, na kila aliyelisimulia alijivuna kana kwamba daraja alilijenga yeye.

Sasa, masika ya mwaka mmoja yalichelewa, kisha yakaja yote ndani ya wiki moja, kama mgeni aliyechelewa karamuni akataka sahani zote kwa pamoja. Mto ulipotulia, Senkondo alishuka na kamba yake, peke yake. Alama ya tope ilikuwa juu ya fundo la baba yake kwa shibiri nzima. Akaishika kamba mahali pale kwa vidole viwili. Kisha akaikunja, akarudi nyumbani, na fundo hakulifunga.

Msimhukumu upesi. Watu wa milima ile walikuwa wakiapa kwa fundo la Mbazi. Mtu akitaka kuaminiwa alisema neno lake ni fundo la Mbazi, na mabishano yakaishia hapo. Senkondo aliona kwamba kufunga fundo juu ya lile ni kumkanyaga baba yake kichwani. Na ni nani miongoni mwetu apendaye kuwa wa kwanza kutangaza kwamba kipimo cha baba hakitoshi tena? Akanyamaza. Watu nao walipoliona daraja la Mbazi limesimama bila kulowa, wakasema mvua ni ileile ya siku zote.

Mwaka uleule likaja shauri la daraja jipya, hatua chache chini ya lile la zamani. Ng'ambo ya mto kulikuwa kumejengwa zahanati na shule, na watu walitaka gari liweze kumvusha mgonjwa. Serikali ingeleta saruji na nondo. Wananchi wangeleta mawe na mikono. Baragumu likapigwa, watu wakatoka kwa msaragambo, ile kazi ya wote ambayo katika milima ile haina mkubwa wala mdogo, wakayashusha mawe kutoka kilimani kwa vichwa na mabega. Senkondo alipima kwa fundo la baba yake, akapanda dhiraa moja, akasema mawe yatatosha baada ya siku sitini. Watu walifurahi, maana tangawizi ilikuwa imekomaa mashambani na hakuna aliyetaka siku ya sitini na moja. Kiangi, msimamizi wa msaragambo, mtu wa maneno mengi na mgongo wenye nguvu, alitembea kila kitongoji akitangaza kwamba hesabu ya Senkondo haina kurudiwa.

Nguzo zikapanda. Kadiri zilivyopanda, ndivyo Senkondo alivyokosa raha. Alikuwa akiondoka kwenye kazi, akaenda kuutazama ule mstari wa tope ukingoni, ambao mvua ndogo zilikuwa zinaufuta polepole. Alijua kwamba ukishafutika, atakayejua ni yeye na Mungu tu, na jambo hilo halikumfariji hata kidogo.

Mkewe aliitwa Namkunda. Alikuwa na cherehani, naye ndiye aliyewashonea watoto wa kata nzima sare za shule. Katika kazi yake alikuwa na sheria moja. Nguo ya mtu mzima aliikata sawasawa na mwili. Nguo ya mtoto aliiachia pindo pana chini, kiganja kizima, ili mtoto akirefuka pindo lifunguliwe na sketi ishuke naye. Mama aliyeng'ang'ania pindo jembamba ili kitambaa kitoshe nguo mbili alirudi kabla ya muhula wa pili, uso chini, magoti ya mtoto nje. Namkunda hakuwasema. Aliwatazama tu juu ya miwani yake, nao walisema wenyewe.

Asubuhi moja Senkondo alimpa kamba aishonee ncha iliyokuwa inafumuka. Namkunda akaipitisha vidoleni kama apitishavyo kitambaa, akayakuta mafundo. Hakuwahi kuyagusa, kwa kuwa kamba ilikuwa mali ya waume. Akaanza kupima bila kukusudia, kwa mazoea ya kazi. Kati ya fundo la baba wa babu na fundo la babu palikuwa na upana wa kidole kimoja. Kati ya fundo la babu na fundo la Mbazi, vidole vinne. Juu ya hapo kamba ilikuwa nyororo. Akamuuliza mumewe lake liko wapi. Senkondo, ambaye hakuwa mwongo, bali mtu aliyenyamaza, akaweka kidole chake shibiri nzima juu ya fundo la Mbazi, akasema ni hapa.

Namkunda hakupandisha sauti. Aliokota kutoka kapuni sketi ya binti yao Nakijwa, ambayo ilikuwa imefunguliwa pindo mara mbili. Kwenye kitambaa mistari ya mapindo ya zamani bado ilionekana, mmoja juu ya mwingine, na nafasi kati yao ikizidi kupanuka. Akaitandaza sketi kando ya kamba, vipimo viwili bega kwa bega.

"Baba Nakijwa," alisema, "mto huu bado unakua. Mbona umeukatia nguo ya mtu mzima?"

Senkondo alitoka, akaenda kukaa bandani kwa ng'ombe mpaka chai yake ikapoa. Aliona aibu, na aibu ile haikuwa ya baba yake, ilikuwa yake mwenyewe. Maana aliona sasa jambo lililokuwa mikononi mwake miaka yote. Mbazi hakukaa kwenye fundo la babu. Alilipenda, alilitunza, kisha akafunga lake juu yake. Na babu alimfanyia baba yake vilevile. Yeye peke yake katika ukoo mzima ndiye aliyedhani kwamba heshima ni kusimama pale mwenzako alipoishia.

Wataalamu wana jina la jambo hili, mabadiliko ya tabianchi, na ni jina zuri la kuandikia ripoti. Namkunda hakulijua jina. Aliijua dalili yake, kwa kuwa dalili ilikuwa imelala mapajani pake.

Baragumu lilipopigwa tena, ikiwa siku ya hamsini na sita, Senkondo alisimama mbele ya watu wote na kamba mkononi. Aliwaambia alichokiona mtoni na kwamba alikificha. Kisha akafunga fundo lake mbele ya macho yao, juu ya fundo la Mbazi. Akasema daraja litapanda shibiri moja kwa maji aliyoyaona, na dhiraa moja zaidi kwa maji ambayo hajayaona. Nguzo nazo zinenepeshwe kuanzia chini. Kazi hiyo ilihitaji siku nyingine ishirini za kubeba mawe.

Mlio katika kamati mnajua nyuso alizoziona mbele yake. Watu walikuwa na malengelenge mabegani. Tangawizi ilikuwa inaoza ardhini. Kiangi alisema kwa sauti ya wote kuisikia kwamba shibiri ya maji yaliyokuja ataibeba, lakini hajawahi kuona binadamu akibebeshwa mawe kwa ajili ya maji ambayo hayajaja. Wengi waliguna kumuunga mkono. Pale ndipo daraja lilipokuwa karibu kuanguka, kabla halijajengwa. Senkondo akawasimulia tu habari ya sketi ya Nakijwa, na maneno ya mkewe kama yalivyosemwa.

Wanawake ndio waliocheka kwanza. Kisha kicheko kikakoma, maana hapakuwa na mama hata mmoja pale asiye na mtoto aliyevaa pindo la Namkunda, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuliita pindo lile kitambaa kilichopotea. Wakajifunga kanga viunoni, wakapanda kilimani. Wanaume walibaki wakitazamana kwa muda mfupi ambao hakuna mwanaume wa kule anayependa kukumbushwa. Kisha nao wakapanda. Kiangi alikuwa wa mwisho kupanda, akashuka na jiwe kubwa kuliko yote, na hata leo hakusalimii bila kukuonyesha liko nguzo gani.

Siku ishirini zikawa ishirini na tano. Sakafu ilipolazwa, Senkondo alifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika ukoo wake. Vichwani mwa nguzo aliacha mawe yametokeza nje kama meno, ili atakayetaka kulipandisha daraja siku moja apate mahali pa kushikia kazi yake. Na kando ya barabara aliacha lundo la mawe mazuri, yaliyochongwa tayari, yasiyo na kazi. Kisha akaketi juu ya lundo lile, akala chakula chake.

Watu wa mabonde mengine walipita wakacheka. Walisema daraja lile ni ngazi, limejengwa na watu wanaotaka kuchuma mawingu. Walisema mwana wa Mbazi amezeeka, amesahau kupima, tazameni mawe yalivyobaki. Wenyeji waliambiana waache wacheke. Kulikuwa na fahari mpya mioyoni mwao, ambayo wao wenyewe walikuwa bado hawajaizoea.

Mwaka wa tatu mto ukaja. Sitawasimulia ngurumo zake, kila mmoja wenu amesikia za kwao. Mchana maji yalifika kwenye fundo la Mbazi, yakapita. Yakafika kwenye fundo la Senkondo, yakapita. Yakaibeba miti mizima na mizizi yake, yakapanda mpaka yakabakiza shibiri moja kuifikia sakafu mpya, na hapo yakachoka. Saa za kutoka shule zilipofika, watoto walivuka juu ya maji yale wawili wawili, wameshikana mikono, mwalimu mbele na mwalimu nyuma. Namkunda alikuwa amesimama upande wa huku akiwatazama wanavyokuja. Mapindo yao yalikuwa makavu. Mtu yeyote aliyemwona siku ile alijua kwamba hapa duniani hakuna cheo ambacho angekubali kubadilishana nacho.

Lakini daraja la Mbazi, lile la kusimuliwa, lilikwenda alasiri ileile. Senkondo aliliona likiinama na kuzama, akalia mbele za watu bila kujificha, kwa kuwa ilikuwa kama kumzika baba yake mara ya pili. Maji yalipopungua alishuka mtoni. Watu walidhani anakwenda kuomboleza. Walipofika walimkuta ameinama kwenye matope, anayachomoa mawe ya baba yake moja moja na kuyaosha. Wakavua viatu, wakaingia. Hapakuwa na baragumu siku hiyo. Waliyapandisha mawe yale yote yaliyopatikana, wakayapanga juu ya lile lundo lililo kando ya daraja, na Mbazi, aliyekula amesimama kwa kutobakiza jiwe, akawa sasa na mawe yake katika akiba ya wajukuu.

Senkondo ni mzee siku hizi. Kamba anayo Nakijwa, ambaye naye amekuwa mwashi, na waume wa ukoo wamekoma kulalamika. Mafundo kwenye kamba ni matano, la tano ni la Nakijwa. Watu wa milima ile hawaapi tena kwa fundo la Mbazi. Ukiwatembelea watakupeleka kwanza kulitazama lundo, kabla ya kukupa hata kiti, na watasimama kando yake vifua mbele, kama wengine wasimamavyo kando ya ng'ombe wao.

Nanyi ambao kesho mtakaa kupanga mitaro, barabara na shule zitakazotumiwa na watu ambao bado hawajazaliwa, mnaojisifu kwamba hampotezi hata mfuko mmoja wa saruji, nawauliza neno moja tu: kando ya kazi yenu, mmeacha mawe mangapi?