Madole Gumba ya Mbega

Paukwa!
Pakawa.
Wa nyuma kabisa, mnanisikia?
Wa nyuma kabisa tunakusikia.
Basi funga mdomo, fungua sikio, maana hii ya leo ilinitoa jasho hata mimi nilipohadithiwa.

Hapo zamani za kale, wanyama wa msitu wa Magombera walikuwa wakicheza gemu za kompyuta. Usicheke, ndugu yangu. Walicheza kuliko wewe. Kila mmoja alikuwa na mashine yake, na kila mashine ilikuwa imepigwa Linux, ule mfumo unaoiendesha kompyuta. Lakini Linux si moja. Ni ukoo mkubwa, kama ukoo wa shemeji yangu: kuna Ubuntu, kuna Mint, kuna Arch, na wengine wengi ambao majina yao nayajua nusu nusu. Kila mnyama alichagua yake, akabandika stika yake kwenye kifuniko cha mashine, akaipenda kupita kiasi.

Aliyewashinda wote kwa gemu ni Mbega. Na aliyewashinda wote kwa maneno ni Mbega huyo huyo. Alikuwa mtu wa Arch. Ukikutana naye harusini, Arch. Msibani, Arch. Kisimani, ndoo haijajaa, Arch. Siku hizo Mbega alikuwa na madole gumba mawili mazuri, na yakishagusa padi ya kuchezea, hakuna aliyemweza.

Hilo lilimuuma Kicheche. Kila shindano, Kicheche wa pili. Wa pili, wa pili, wa pili. Jamani, inachosha.

Siku moja, katika ukumbi wa gemu wa Mama Tembo, Kicheche akamwendea Mbega kwa adabu zote.

"Kaka Mbega, shikamoo."

"Marahaba."

"Huko nje kuna ubishi. Wanasema Arch haina watu."

Mbega akacheka. "Nani kasema? Msitu mzima ni Arch."

"Ndivyo nilivyowajibu. Lakini hawaamini mpaka uape."

"Naapa. Kesho wachezaji wote wahesabiwe. Arch isipokuwa ya kwanza, nikatwe madole gumba."

Watu wakashika vichwa. Mama Tembo akasema, "Mwanangu, lifute hilo neno." Maana desturi ya ukumbi ule ilikuwa hivi: neno lililosemwa mbele ya wachezaji huweza kufutwa kabla jua halijachwa. Jua likishakuchwa, neno limekaa. Mbega akakataa.

Kicheche akauliza taratibu, "Na watoto wa Arch, kaka? Zile Linux zilizojengwa juu ya Arch, zikaja zimeshapikwa. Nazo tuzihesabu kwako?"

Hapa, ndugu zangu, ningekuwepo ningemziba mdomo.

Mbega akabetua midomo. "Uji wa watoto huo. Arch ni ya aliyeipiga kwa mkono wake, mstari kwa mstari. Hao wengine si wenzangu. Usinihesabie hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Jua likachwa.

Kesho yake wakakusanyika. Mama Tembo akasema, "Wa Ubuntu, pigeni kelele." Wakapiga. "Wa Mint." Wakapiga. "Wa Arch." Lo, ndege walihama miti. Mbega akacheza ngoma.

"Kelele si watu," akasema Kicheche. "Debe tupu haliachi kuvuma. Tuangalie stika."

Wakaangalia stika. Arch, Arch, Arch. Mbega akaagiza soda.

"Stika hubandikwa na yeyote," akasema Kicheche. "Tuziulize mashine zenyewe."

Mama Tembo akapita, akiziwasha moja baada ya nyingine. Loo. Stika Arch, ndani Mint. Stika Arch, ndani Ubuntu. Wenyewe wakatazama chini. Walibandika ili wasichekwe. Mbega akaiweka soda chini. Hata hivyo Arch ikatangulia, kidogo sana, na akashusha pumzi.

Ndipo Kicheche akageukia pembeni, alikokaa Bibi Nungunungu na wenzake, kimya, kila mmoja na kimashine chake cha mkononi, wanacheza.

"Bibi, shikamoo. Wewe unatumia Linux gani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Linux ndiyo nini? Mimi kilikuja hivi hivi. Nikawasha, nikacheza."

Mama Tembo akakichukua, akatazama ndani. Akatazama tena. Akakaa chini.

"Ni SteamOS," akasema. "Hii nayo ni Linux."

Cha Bibi, SteamOS. Cha jirani yake, SteamOS. Cha yule wa mlangoni, SteamOS. Walikuwa wengi kuliko watu wa Arch, na hakuna aliyewahi kuwahesabu, kwa sababu hawakuwahi kusema. Nawaambieni, watu waliduwaa wakasahau hata kufunga midomo.

Mbega akaruka juu ya meza. "SteamOS ni mtoto wa Arch! Imejengwa juu ya Arch, wote mnajua. Basi hao ni watu wangu, nimeshinda."

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Ilikuwa kweli.

Kicheche hakupaza sauti. "Kaka, jana ulisema tukuhesabie watoto wangapi?"

Mbega akashuka mezani.

"Hata mmoja," ukumbi ukajibu, kwa sauti ndogo.

Bibi Nungunungu akasimama. "Jamani, msimkate mtoto wa watu kwa ajili ya kimashine changu. Kichukueni, mkipige Linux yoyote mtakayo."

Lakini jua la jana lilikuwa limeshakuchwa. Mama Tembo akajifunika macho kwa masikio yake. Na Kicheche, ambaye hakujali Arch wala Ubuntu wala Mint, Kicheche aliyekuwa akiyataka yale madole tangu mwanzo, akatoa meno.

La kulia. La kushoto.

Mbega hakulia. Akashika padi, ikaponyoka. Akashika tena, ikaponyoka. Mara ya tatu akaiweka chini mwenyewe, akapanda mtini, na kushuka kwake mpaka leo ni kwa nadra. Nenda msituni ukamwangalie mikono. Dole gumba hana.

Wazee husema mdomo huponza kichwa. Yeye ulimponza mikono yote miwili.

Nazima hapo. Iliyokukolea ondoka nayo, iliyokuchachia niachie mwenyewe nitaimeza.